Vikombe vya Mkalimani

Usiku wa jana niliota niko ndani ya mashine ya zahanati yetu, ile inayowaita wagonjwa kwa sauti ya marehemu mama. Alikuwa karani pale, nikamrekodi mwaka mmoja kabla hajafariki. Sauti yake nyingine sina. Nakala ya akiba kila mara nilisema nitaiweka kesho.

Ndani ni chumba kilichojaa vikombe vya chai mpaka darini. Katikati ameketi Mkalimani, ile programu ndogo inayosoma amri zangu mstari kwa mstari na kuitafsiria mashine. Amevaa koti la mvua.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuniua tena?"

"Kukuzima na kukuwasha tu. Ukikwama, dawa yako ndiyo hiyo."

"Kila ukiniwasha napewa kikombe kipya, nafasi nyingine ya kumbukumbu. Cha zamani hakuna anayekitoa. Hiki ni cha mia nne na kumi na mbili. Huoni haya?"

Naona. Kosa nililijua tangu mwaka juzi, ila kuzima na kuwasha kulikuwa rahisi zaidi.

Fagio, lile linalosafisha kumbukumbu ya mashine, linaingia bila hodi. "Nafasi imekwisha," linasema. "Kisichoshikwa nakifagia."

"Anza na vikombe."

"Hivyo vimeshikana."

Kweli, kila kikombe kimeshika sikio la mwenzake.

Mara tuko kwenye benchi la wagonjwa. Mwishoni imekaa sauti ya mama, bila mama. "Nambari saba, ingia, mwanangu," inasema, kwa upole uleule. Nataka kulia.

"Hii ya nani?" fagio linauliza.

"Yangu!"

"Mbona hujaishika?"

Kidole changu kimeganda kwenye kitufe cha kuwashia. Navuta, hakibanduki. Nanyoosha mkono wa kushoto. Fagio halina haraka. Linafagia nambari, moja hadi mia. Linafagia "ingia". Nadaka neno moja la mwisho, lina joto bado, nalifumbata.

"Ungekuja mapema," Mkalimani anasema, akijimiminia chai.

Niliamka ngumi ya kushoto imefumbwa, inauma. Kwenye simu palikuwa na ujumbe wa muuguzi Anyelwisye:

"Fundi, njoo upesi. Mashine imesahau nambari zote. Tukibonyeza inasema 'mwanangu' tu, na benchi zima linasimama."