Kwa Mujibu wa Kifungu

Mimi nafundisha watu wazima kufaulu Kiingereza. Sikusema kukijua. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya hajawahi kukaa darasani kwangu. Chumba changu kiko juu ya duka la rangi, kina mabenchi manne, ubao mmoja, na harufu inayowalewesha wanafunzi kabla sijafungua mdomo. Ukutani nimebandika picha za waliofaulu. Waliofeli hawana picha, maana ukuta wenyewe ni mdogo.

Njia yangu ni nyepesi. Kifungu cha ufahamu huja na maswali kumi. Usikisome kifungu. Soma swali, chukua neno lililo zito kuliko mengine, shuka nalo kwenye kifungu mpaka ulikute, kisha nakili sentensi iliyolibeba. Ukianza kuelewa umejichelewesha. Msamiati nao ni maneno thelathini kwa siku, unayameza asubuhi kama vidonge. Kwa njia hii mlinzi mmoja asiyejua hata kuomba maji kwa Kiingereza alipata alama sabini na moja, na picha yake iko juu kabisa.

Kisha akaja Sista Mkubwa.

Ndivyo wodi nzima ya wazazi inavyomwita. Mkunga wa miaka ishirini na sita kazini, mfupi, viganja vipana, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wenye uchungu. Wakubwa wa hospitali walikuwa wameamka siku moja na hekima yao: kila msimamizi wa wodi awe na cheti cha Kiingereza, asiye nacho apishe. Sista alikuwa amefeli mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Akianguka anahamishiwa stoo ya mashuka, na wodi inachukuliwa na kijana aliyetoka chuoni juzi, ambaye Kiingereza chake kinateleza kama sabuni na ambaye alizimia siku ya kwanza alipoona kondo la nyuma. Mashuka, bila shaka, hayadai cheti.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "mimi Kiingereza nakijua. Vitabu vya kazi nimesoma kwa Kiingereza, dawa naandika kwa Kiingereza. Sijui nafeli wapi."

Nilicheka moyoni. Wote husema hivyo.

Nikampa kifungu cha majaribio. Bwana mmoja anarudi nyumbani kwenye theluji, anamkuta mkewe analia, kwa kuwa chombo cha maua alichorithi kwa bibi yake kimevunjika. Swali la tatu: kwa nini mke alikuwa akilia? Mtoto wa darasa la tano angejibu kwamba chombo kimevunjika. Sista aliandika, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, kwamba huenda mama huyo amejifungua karibuni na moyo umemwelemea, aulizwe kama anapata usingizi.

"Mama, haya umeyatoa wapi?"

"Hebu soma pale juu. Kuna mtoto mchanga chumbani. Mke hajala tangu asubuhi. Halafu wewe unaniambia analilia chombo? Mwalimu, umeoa?"

"Nimeoa."

"Basi unajua."

Sikujua, ila sikutaka kubishana mbele ya darasa.

Nikampa kingine, cha mzee aliyepanda mlima akapumzika mara tatu kabla ya kufika kileleni. Kifungu hiki kinatufundisha nini? Jibu ni uvumilivu. Hata mbuzi angejibu uvumilivu. Sista akajibu kwamba mzee apimwe moyo.

Hapo nikaugundua ugonjwa wake. Mama huyu alikuwa anasoma. Anakisoma kifungu chote, anawawaza waliomo, kisha anajibu kama vile kuna mtu kamuuliza kweli. Miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kukutana na tatizo kubwa namna ile.

Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KWA MUJIBU WA KIFUNGU. Kila alipoanza kusema "Lakini kwa kweli," nilipiga ubao kwa rula.

"Hakuna kweli hapa, Mama. Kuna kifungu."

"Kikidanganya je?"

"Unadanganya nacho."

"Na kikiua?"

"Unaua, unapata alama nne."

Darasa likacheka sana, na mimi nikajiona mtu mwenye busara zisizo kifani.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwongezea.

"Hiyo niachie mimi, Mwalimu. Dawa ni kazi yangu."

Alikuja miezi mitatu mfululizo, saa nane mchana, akitoka zamu, miguu imevimba, sare ndani ya mfuko wa plastiki. Msamiati haukumsumbua. Alijua Kiingereza cha kila kiungo kilichomo ndani ya mwanamke, basi nikamfundisha yale muhimu: maneno matano ya namna theluji inavyoanguka, na jina la mtumishi anayefungulia wageni mlango kwenye nyumba za matajiri. Polepole akaanza kunyooka. Alama hamsini na tano, sitini na mbili, sitini na nane. Wiki ya mwisho alijibu maswali yote kumi ya kifungu cha mtoto aliyezama mtoni, hakuuliza hata mara moja kama aliokolewa. Nilimpongeza sana siku ile.

Matokeo yalipotoka, Sista alikuwa na arobaini na nane. Kufaulu ni hamsini.

Nilikasirika kuliko yeye. Mwanafunzi wangu wa sitini na nane hapati arobaini na nane ila kwa uzembe wa msahihishaji, na nilisema hivyo kwa sauti, ngazi nzima, mpaka muuza rangi akatoka kuangalia. Ofisi ya mitihani humruhusu mtahiniwa kuonyeshwa karatasi yake mara moja, dirishani, bila kuigusa. Nikamwambia twende. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia msahihishaji huyo.

Nyuma ya kioo alikaa karani kijana, mwanamke mwenye mimba iliyomlazimisha kusogeza kiti mbali na meza. Akaifungua karatasi, akaigeuzia kwetu.

Sehemu ya msamiati, vizuri. Barua, vizuri. Kifungu cha ufahamu: mwanamke mwenye mimba ya miezi minane anaumwa kichwa kikali, uso umevimba, anaona vimulimuli. Jirani yake, ambaye kifungu kinamwita mwenye hekima, anamwambia alale kwenye chumba chenye giza na anywe chai ya tangawizi. Asubuhi anaamka mzima, na wote wanafurahi. Swali la sita, alama nne: kwa mujibu wa kifungu, mwanamke mwenye hali kama hii afanye nini?

Jibu lilikuwepo. Alale gizani, anywe chai ya tangawizi. Limeandikwa bila kosa, nukta mahali pake, kisha limekatwa kwa mstari mmoja. Chini yake kulikuwa na mistari minne ya mwandiko wa haraka: aende hospitali sasa hivi, asingoje kuche, apimwe presha, akichelewa ataanza degedege na wanaweza kufa wote wawili. Pembeni, kwa wino mwekundu, sifuri.

Nikahesabu. Arobaini na nane na nne.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imekwisha ukali wote niliokuja nao, "ulilijua jibu."

"Nililijua."

"Ukalikata."

"Nililiandika, nikaenda swali la saba, la nane. Nikarudi."

"Lakini mtihani ni siri, Mama! Nani atakayelala gizani kwa sababu ya jibu lako? Atakayelisoma ni msahihishaji mmoja tu!"

"Na yeye anaweza kuwa na mke, Mwalimu."

Niliona aibu, na aibu ya mtu mzima haina pa kuiweka. Yale maneno ya alama nne, yale yaliyochekesha darasa, yalikuwa yangu. Nilitamani sana asiwe anayakumbuka.

Karani alikuwa ameigeuza karatasi upande wake. Aliyasoma yale ya wino wa bluu mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Samahani, mama," akasema kwa sauti ndogo, akitazama kwanza mlango wa ofisi ya bosi wake. "Hivyo vimulimuli vinakuwaje?"

Sista akainama kwenye tundu la kioo, akamweleza. Kichwa cha namna gani, uvimbe wa wapi, maumivu chini ya kifua upande wa kulia. Hakutumia neno hata moja la Kiingereza. Nyuma yetu foleni ilianza kunung'unika, naye hakuharakisha.

"Wewe uko wodi gani, mama?"

"Ya wazazi."

"Basi nitakuja kwako. Mimi tarehe yangu ni mwezi ujao."

"Mimi niko pale mpaka Ijumaa, mwanangu."

Karani akaangalia ile arobaini na nane. Kisha akavuta fomu, akaigonga muhuri kwa kuwa ndiyo kazi yake, na kuipitisha chini ya kioo bila kuinua macho.

"Utie sahihi hapo. Kwamba umeonyeshwa na umeridhika."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, mistari sita, ya kisheria, ile ambayo hata mimi huruka. Sista Mkubwa akavaa miwani, akaisoma yote toka juu mpaka chini, akaielewa yote, akatia sahihi.

"Na presha," akasema akimrudishia kalamu, "umepima lini mara ya mwisho?"

Karani hakukumbuka.