Mara ya Kwanza Wendell Kumwangusha Mtu

Kwa miaka minne Wendell Haugen hakuwahi kumwangusha mtu. Kazi yake katika timu ya chuo chetu hapa Iowa, ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukimbia na mpira na kuangushana, ilikuwa mguu tu, ndiye mpiga mateke: anaingia, mimi namsimamishia mpira, anaupitisha katikati ya milingoti, anatoka. Wenzetu, majitu yanayomaliza mechi yamejaa matope na damu, hawakuchoka kumtania.

"Haugen, jezi yako mama hafui, anapiga pasi tu!"

"Mwacheni bibi harusi, asije akachafuka."

Naye hucheka. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa nguruwe, mwembamba kama ufito, asiye na makuu. Mwaka wa kwanza alipokosa, alinuniwa hadi kanisani. Kufikia wa nne, hakuna mgahawa mjini uliokubali alipe.

Mechi ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, theluji ikidondoka. Nikausimamisha mpira, Wendell akaupiga, ukapita. Pointi tatu! Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Zilibaki sekunde chache, na kanuni ikatutaka tuwapigie wapinzani mpira wajaribu kuurudisha. Aliudaka kijana wao, Deshane Purifoy. Lo, mbio zile! Alitupita kama tumepandwa ardhini, mbele yake akabaki Wendell peke yake.

"Mshike!" kocha wetu, Brubaker, alipiga kelele. "Wendell, mshike!"

Wendell alijirusha kwa bega. Nikasikia mlio kama tawi kavu likivunjika.

Muda ukaisha, tukawa tumeshinda. Tukambeba Wendell juu juu. "Bibi harusi kachafuka leo!"

"Nishusheni," akasema. Hatukumsikia. "Nishusheni jamani! Yule hajainuka."

Tukamshusha. Madaktari walipiga magoti kwenye theluji, wakamfunga Deshane kwenye machela. Alikuwa anauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini hasikii miguu yake. Wendell alisimama na helmeti mkononi. "Nilimgusa tu," alirudia. "Nilimgusa tu." Tulimvua jezi sisi, kama maiti.

Hakula kitu hadi Jumanne, nilipompeleka hospitali. Mlangoni tulimkuta mama yake Deshane.

"Mama, mimi ndiye... ndiye niliyemwangusha."

Mama alimtazama toka utosini hadi kwenye viatu. "Wewe? Mwembamba hivi?" Nilidhani atamzaba kofi. "Ingia. Ameshakuulizia sana."

Deshane alikuwa amelala chali, shingo imebanwa na vyuma. Alipomwona Wendell, akamgeuzia macho tu.

"Mpiga mateke! Kati ya watu wote, mpiga mateke! Sasa nyumbani nitawaambia nini?"

Wendell alianguka magotini, akalia.

"Basi, bwana. Usinililie, siwezi hata kukupa kitambaa."

Ndipo na mimi nikatoka nje kulia.

Timu moja ya kulipwa ilimwita Wendell majaribioni. Hakwenda. Alirudi kwa baba yake, kwenye nguruwe, na kila mwisho wa wiki aliendesha gari kwenda kukaa na Deshane. Miguu ya Deshane ilianza kurudiwa na nguvu kidogo kidogo. Mwezi wa tano mama Purifoy alinipigia simu, anacheka na kulia kwa pamoja: mwanawe ametembea kutoka kitandani hadi dirishani, ameegemea bega la Wendell.