Risiti za Uzi wa Ardith

Kila Februari, theluji ikiwa bado imefika madirishani, Ardith Tollefson alibeba boksi la viatu hadi maktaba ya mji wao mdogo wa Minnesota, ambako watu wa kujitolea huwajazia wazee fomu za kodi. Ndani zilikuwamo risiti za uzi wa sufu, ili gharama yake ipunguzwe kwenye kodi. Mwaka mzima alifuma kofia za vichanga wa hospitali, na kila kofia aliitilia kikaratasi: uzi gani, bei gani, umebaki kiasi gani.

Mwaka huu, kwenye kiti cha Wendell Krogh, mzee aliyemjazia fomu kwa miaka saba, alikuta mwanamke asiyemjua.

"Wendell yuko wapi?"

"Kahamia Arizona kwa binti yake, mama. Macho yamekwisha. Mimi Janelle. Karibu, kaa."

Ardith akafungua boksi. "Tuanze na Januari. Kofia tano, uzi wa zambarau..."

"Hizo hatuzihitaji, mama. Serikali inampa kila mtu punguzo la kodi la jumla, bila risiti. Risiti zako zitalizidi vipi hilo? Labda uwafumie vichanga wa Minnesota nzima, na ng'ombe wao."

"Wendell alikuwa anaziandika."

Janelle akazipekua fomu za nyuma mpaka mwisho. "Miaka saba, hamna hata senti moja ya uzi."

Ardith alimwona Wendell akilini, na kalamu yake, akisoma risiti moja moja kwa sauti: "Zambarau tena? Sema kweli, dukani walikuwa wanautupa!" Saa nzima, foleni ikikohoa nyuma yao. Tangu mumewe afe, hakuna mwingine aliyewahi kumwuliza amefuma nini. Na kumbe yule mzee alijua siku zote kwamba risiti hazina kazi.

"Namba yake unayo?" akauliza.

Nyumbani alipasha chakula cha juzi, hakukila. Jokofu lilinguruma, likanyamaza. Alipiga simu, akakata kabla haijaita. Akapiga tena.

"Nani?" Sauti ilikuwa imezeeka kuliko mtu mwenyewe.

"Ardith. Wa kofia." Akavuta boksi karibu, akatoa risiti ya juu kabisa. "Januari. Kofia tano, uzi wa zambarau, dola kumi na moja na senti arobaini."

Kwa mbali televisheni ya mtu ilikuwa ikicheka.

"Ngoja," alisema Wendell asiyeona. "Ngoja nitafute kalamu."