Pengo la Libérat

Komanda alikuwa shabiki wa mpira, na hilo ndilo lililomtia Mwalimu Cyprien hofu zaidi. Mwaka ule wa 1964 waasi walikuwa wameishika Uvira, na kila jioni lori lao lilielekea kwenye mapigano ya uwanda wa Ruzizi likiwa na vijana ambao wengi wao hawakurudi. Sasa lilikuwa limesimama kando ya uwanja wa Kalundu, injini ikinguruma, limebakiza nafasi ya mtu mmoja.

"Sitaki kuivunja timu yako," Komanda alimwambia Cyprien, kocha wa timu ya Kalundu. "Nipe yule asiye na faida."

Wachezaji walitazama chini, kisha mmoja mmoja wakamtazama Libérat. Beki huyu, mtoto wa dada yake Cyprien, alikuwa hajawahi kufunga bao, hata la kuotea. Evariste mfungaji alijifanya anakaza kamba za viatu. Ama kweli, binadamu!

Cyprien alijitokeza kumtetea. Alieleza habari za mmisionari mmoja Mmarekani aliyependa besiboli, mchezo wa kwao wa kupiga mpira kwa fimbo nene. Yule mzungu alizoea kusema kwamba thamani ya mchezaji haimo katika yale yanayopigiwa makofi tu. Jumlisha anayoyapata na anayoyazuia. Kisha mtoe, weka mtu wa kawaida kutoka benchi, utazame timu imepungukiwa nini. Hapa kwao, Evariste alipougua, Kizito wa benchi alishika nafasi yake na timu ikashinda vilevile. Libérat alipokwenda mazishini Luberizi, walichapwa mpaka mashabiki wakaondoka kabla ya filimbi.

Komanda alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa taratibu. Evariste alianza kujisogeza nyuma ya wenzake. Cyprien alimwona, akaona haya, lakini moyoni, tusidanganyane, alimshukuru Mungu.

"Mwalimu, watu wasioacha pengo ninao tele," Komanda akasema. "Ndiyo maana kila siku tunarudishwa nyuma. Libérat, panda."

Libérat alivua jezi, akamkabidhi Kizito, akamwambia asiuache wazi upande wa kushoto. Kisha akapanda.

Cyprien alipofika kwa dada yake, Generose alikuwa amekwisha kupata habari. Hakulia. Alimshika ukosi wa shati, akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Weye uliwaambia nini, hata wakamchagua yeye?"

"Nilimsifu," Cyprien akajibu.