Mwalimu Asiyeruhusiwa Kuitikia Salamu

Picha ya kwanza iliharibiwa na adabu, na kosa lilikuwa langu.

Mgonjwa alikuwa mwalimu mstaafu. Mshipa mmoja wa damu kichwani mwake ulikuwa umevimba kama puto dogo, na kesho yake angepasuliwa, shingo ya uvimbe ule ibanwe kwa kibanio. Alikwisha kulala kwenye mashine yangu ya kupigia picha. Nikabonyeza kipaza sauti: "Shikamoo, mwalimu. Tunaanza, usitikisike."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na kichwa nacho kikaitikia.

Picha ikatoka na ukungu. Daktari wa upasuaji, tunayemwita Chapchap, akaiangalia akiwa wima, kama kawaida yake.

"Inatosha. Nitaingilia mbele."

"Na huku nyuma kuna nini, daktari?"

"Foleni ni ndefu, dada."

"Haraka haraka haina baraka. Figo zake zinaruhusu dawa ya kuonyesha mishipa mara ya pili, nimeangalia majibu. Narudia."

Nina kichwa kigumu, mama yangu alishanyoosha mikono. Nikarudi kwa mwalimu.

"Safari hii sikusalimii. Nikisema lolote, usijibu."

"Miaka thelathini na minne nimefundisha watoto kuitikia salamu, leo unanifundisha utovu wa adabu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akacheka, kisha akatulia tuli.

Picha ya pili ikatoka safi. Nikauzungusha uvimbe kwenye skrini hadi nikauona kisogo. Mshipa mwembamba kama uzi ulikuwa umeugandia pale shingoni, nao ndio uliolisha sehemu ya ubongo inayotawala usemi. Chapchap akavuta kiti, akakaa. Sijawahi kumwona amekaa.

"Ningeubana na huu," akasema taratibu. "Asingesema tena."

Tulipima kwa saa nzima. Akaamua kuingilia pembeni, akachagua kibanio kilichopinda.

Upasuaji ulichukua saa sita. Kibanio kilikaa na ule uzi ukabaki nje, lakini asubuhi iliyofuata muuguzi aliniambia wodini kwamba mwalimu amefumbua macho na hajatamka neno. Niliogopa, sifichi. Nikasogea kitandani.

"Shikamoo, mwalimu."

Akanigeuzia macho. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Nikaushika mkono wake.

"Leo," akakwaruza hatimaye, "naruhusiwa kuitikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Marahaba, mwanangu."