Utando Ulioota Ronja Akiwa Usingizini

Tangu Ronja Liebetrau aseme kwamba ni mjamzito, hakuruhusiwa tena kuingia chumba cha tanuri. Ndani ya tanuri mlikuwa na bakuli la platini, na ndani ya bakuli uji wa moto wenye madini ya risasi, ambamo garneti ya chuma, aina ya kito chenye sumaku, ilikuwa imeyeyuka, ikingoja pa kuota. Mvuke wa risasi haumfai mtoto aliye tumboni. Ronja alilijua hilo vizuri sana, na bado alinuna wiki nzima.

Asubuhi hiyo ya Novemba ukungu ulikuwa umeujaza mji wa Jena, vilima vya chokaa vikaonekana kama vinaelea. Ronja aliketi nje ya dirisha la kioo la chumba cha tanuri, kipaza sauti mkononi, akimwangalia mwenzake wa miaka mingi, Detlef Zöllner, akivaa glovu.

"Usizamishe kisahani bado," alimwambia. "Acha uji upoe kidogo."

"Bi Daktari, nilianza kazi hii wewe ukinyonya kidole."

"Na visahani vingapi vilikupasukia?"

"Loo! Mtoto akirithi huo ulimi, namhurumia baba yake."

Detlef akateremsha kisahani cha kito kisicho na rangi, chembamba kama kucha. Juu yake ndipo utando wa garneti ungeota, kila chembe ikifuata mpangilio wa kito kilicho chini yake. Kwa miaka miwili walitafuta utando usio na ufa hata mmoja, ambao mawimbi ya sumaku yangeupita yakibeba habari bila kuupasha joto.

Kisahani kilizunguka polepole katika mwanga wa rangi ya chungwa. Ronja alikitazama mpaka akahisi anashuka nacho. Hakukuwa na joto huko chini. Chembe zilikuja moja moja kutoka gizani, zikakaa bila kusukumana, na safu zikaendelea, zikaendelea, mpaka zikawa nyumba isiyo na milango, naye akipita katika kuta zake kama nuru. Kuna mtu alikuwa akitembea kando yake. Hakugeuka kumtazama, alijua tu kwamba ni mdogo na hana haraka.

Kioo kikagongwa.

"Tayari," alisema Detlef.

Ronja alishtuka. "Umekwisha kukitoa? Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa unacheka usingizini. Ningekuamshaje?"

Waliposafisha kisahani kwa asidi, Detlef alimwachia hadubini awe wa kwanza kutazama. Utando ulikuwa na rangi ya asali, na ndani yake michirizi myeusi na myeupe iliyojipindapinda. Ronja akasogeza sumaku ndogo. Michirizi yote ikatiririka kwa pamoja, kama nyasi zinazopitiwa na upepo. Alitafuta ufa kila pembe. Hakuuona. Mchana walipopitisha mawimbi, yalifika ng'ambo yakiwa bado na nguvu.

Walikula keki ya plamu dirishani. Kisha Ronja akasema, "Miaka miwili nimengoja, nikalala. Haya, nisimulie."

Detlef alikuna kidevu. "Nilikiteremsha. Kikazunguka. Nikakitoa."

"Basi?"

"Basi."

Ronja alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamkatia kipande kingine cha keki, akavuta kiti karibu.

"Anza tena," alisema. "Taratibu, na usiruke kitu."