Maswali Kumi ya Bwana Asilimia

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakuwahi kuliona dodoso la Bwana Asilimia. Lilikuwa na maswali kumi, na Dada wa Kaunta, aliyeligawa kwa kila mteja wa duka lile la dobi kwa wiki tatu nzima, alikuwa ameyakariri yote kama mtu anavyokariri matusi aliyotukanwa.

La kwanza: Je, unaridhika na huduma zetu bora? La nne: Je, ungependa nguo zako ziwe tayari haraka zaidi? Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nani duniani angetia alama kwenye hapana? Isitoshe, mteja alijaza papo hapo, ameegemea kaunta, Dada anaitazama kalamu yake, na shati lake bado liko ndani. Wote waliridhika. Wote walitaka haraka.

Bwana Asilimia alikuwa mtaalamu, au ndivyo kadi yake ilivyosema. Alikuja na kompyuta yake, akamwonyesha kaka yake Dada, mwenye duka, michoro ya rangi tatu.

"Asilimia tisini na sita wanataka haraka," akasema. "Takwimu hazidanganyi."

"Hazidanganyi, ila zimedanganywa," Dada akadakia.

Kaka hakumsikia. Alikuwa mtu wa kuamini chochote chenye mchoro. Akaamua hapo hapo: italetwa mashine ya kunyoosha nguo, na pasi ya mkono mwisho wake ni mwisho wa mwezi. Pasi ya mkono maana yake ilikuwa shangazi yao, aliyesimama chumba cha nyuma miaka kumi na tisa, na ambaye kola ikitoka mikononi mwake unaweza kwenda nayo kuposa.

Dada akapandwa na hasira. "Kaka, mtu ukimwuliza hujambo, atakujibu sijambo hata kama homa inamtetemesha. Huyu kawauliza watu mia mbili hujambo, wamemjibu sijambo, na wewe unamfukuza shangazi. Ya moyoni huja baada ya salamu, mtu akishavuta pumzi akasema 'ila'. Kwenye karatasi hii 'ila' inaandikwa wapi?"

"Dada yangu, utafiti ni taaluma," Bwana Asilimia akasema kwa upole.

"Hata kufua ni taaluma, lakini hiyo kola yako haina habari."

Kaka akachoka nao. "Basi uliza wewe. Una siku nne. Usiponiletea sababu ya maana, shangazi anakwenda kupumzika."

Tuseme haki, Dada alijua anachokifanya. Hakuwauliza waliokuwapo, aliyepo keshapenda, au keshavumilia. Alifungua daftari la mapokezi, akachomoa wateja waliokuwa wakija kila wiki kisha wakapotea mwaka ule. Walikuwa thelathini na mmoja. Akaandika maswali matatu tu, bila visanduku: Mara ya mwisho kuja kwetu ilikuwa lini? Siku hiyo ilikuwaje? Sasa unafulia wapi, na kwa nini huko? Wala hakuwapigia simu yeye, kwa kuwa mtu hamsemi mwenyeji usoni, na sauti yake waliijua. Ya shangazi hakuna aliyewahi kuisikia, basi simu akapewa yeye.

"Ukishauliza, nyamaza," akamfundisha. "Waache watafute maneno. Na uandike walivyosema, usiwapigie pasi."

Siku ya nne shangazi akaleta karatasi tisa. Sita walikuwa wamehama, wawili wamenunua mashine zao, na mmoja alikuwa amefariki, mjane wake akashukuru kwamba amekumbukwa.

"Wengine hawakupatikana," shangazi akasema, akikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Wote ishirini na wawili? Wamehamia mwezini?"

Mkono wa shangazi ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa aproni, na Dada akauwahi.

Alisoma amesimama. *Mashati yalinyooka, Mungu ambariki anayepiga pasi. Ila yule dada wa mbele.* Akachukua nyingine. *Suruali yangu aliinusa mbele za watu.* Nyingine. *Niliuliza kama gauni liko tayari, akaniuliza kama sina jingine.* Hilo la gauni alilikumbuka. Alilicheka wiki nzima. *Mke wangu alirudi kutoka pale analia. Mpaka leo hajaniambia aliambiwa nini.* Huyu hakumkumbuka kabisa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kumi na saba walimtaja yeye. Kuchelewa hakukutajwa hata na mmoja.

"Kwa nini umezificha?" akauliza. "Hizi ndizo zinazokuokoa."

"Mimi nimezeeka, mwanangu, sikosi pa kukaa," shangazi akasema. "Wewe na ulimi huo utakwenda kukaa wapi?"

Dada aliona haya, haya ya kweli, ambayo haina mzaha wa kuifunika. Akazitazama zile karatasi. Kuchana ni kazi ya dakika moja, na shangazi asingesema neno mpaka kaburini. Pia asingekuwa na kazi mwezi ujao. Dada akazipanga zote thelathini na moja, akapanda nazo ofisini.

Kaka alisoma polepole. Bwana Asilimia alisoma nyuma ya bega lake, na kwa mara ya kwanza hakufungua kompyuta.

"Huyu dada wa mbele anayetajwa..." akaanza.

"Ni mimi," Dada akasema. Alikuwa na maneno mengine matatu tayari mdomoni kwa ajili ya mtaalamu huyo, akayameza.

Kaka akaziweka karatasi mezani, akaziwekea kiganja juu. "Mashine haiji," akasema. "Shangazi anabaki."

Chini, kengele ya kaunta ikalia. Mteja. Dada akainuka kama alivyoinuka maelfu ya mara, akashika kitasa.

"Kaa," kaka akamwambia, bila kumtazama. "Ataenda shangazi."